Kumbe Ile Ngoma Si ya Wahindi Wekundu!

Msomaji wangu, leo naanza kwa kujianika mwenyewe. Nimeumbuka, tena nimeumbuliwa na fidla.

Jumapili moja nilikuwa kibanda umiza cha mtaani kwetu. Tumebanana kwenye mabenchi, jasho tele, feni inazunguka kwa kusuasua. Ilikuwa inaonyeshwa The Last of the Mohicans, ile ya Daniel Day-Lewis. Ni filamu ya mwaka 1992, lakini vijana wa kwetu ukiwaambia kuna kukimbizana porini kwa mashoka hawaulizi mwaka. Ikafika ile sehemu ya mwisho kule juu ya magenge. Hakuna anayeongea, watu wanakimbizana tu, na nyuma yao kuna muziki unaojirudia, unazunguka, unapanda, mpaka vinyweleo vinasimama. Yule jamaa anayetafsiri akashika kipaza sauti: "Isikieni hiyo, wazee! Hiyo ndiyo ngoma ya jadi ya Wahindi Wekundu!" Kibanda kizima tukashangilia.

Kulia kwangu alikaa dada mmoja, mgeni kidogo mtaani. Akaniuliza taratibu, "Kaka, hicho ni chombo gani?" Mimi kwa kutaka sifa nikamjibu ni filimbi ya mfupa wa nyati. Akacheka. "Mimi naisikia fidla. Babu yangu alikuwa anapiga fidla kwenye taarab, Unguja. Hiyo ni fidla, kaka."

Nilinywea. Mtu akikuumbua namna hiyo huwezi kulala, kwa hiyo nikaanza kuchimba. Nilichokuta ni kwamba dada alikuwa sahihi na sisi wengine wote tulikuwa tumepotea, tena tumepotea bara zima. Muziki ule si wa Wahindi Wekundu hata kidogo. Unaitwa "The Gael", umetungwa na Dougie MacLean, Mskoti wa Perthshire, na aliutoa mwaka 1990 kwenye albamu yake ya The Search. Watu wa filamu wakauchukua, wakautanua kwa okestra kubwa. Hao Gael ni wale watu wa milimani na visiwani kule Uskoti wenye lugha yao ya Kigaeli. Yaani jina la wimbo lenyewe linataja wenyewe, sisi ndio hatukuuliza. Na fidla mojawapo unayoisikia kwenye muziki wa filamu ile ni ya Alasdair Fraser, Mskoti mwingine, aliyehamia California.

Sasa ukishaingia kwenye hilo pango hutoki. Huko ndani nimekuta watu wana ubishi! Kama unadhani Simba na Yanga wanajua kubishana, basi hujakutana na wapenzi wa fidla za Uskoti. Hawa wanaweza kukesha wanagombana juu ya mkono wa mtu kwenye upinde. Swali lao kubwa ni lile lile miaka nenda rudi: ipi ndiyo yenyewe? Ile ya zamani au hii ya sasa? Ya nyumbani au ya waliohama?

Na kila upande una mzee wake wa kumtaja.

Mzee wa kwanza anatoka jirani kabisa na anakoishi MacLean. Ng'ambo ya mto Tay kutoka mji mdogo wa Dunkeld kuna kijiji kinaitwa Inver. Hapo aliishi Niel Gow, aliyezaliwa 1727 akafa 1807. Alifundishwa kazi ya kufuma nguo, lakini mikono ikakataa, ikataka fidla. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana wa miaka kama 18 aliingia mashindano ambayo jaji wake alikuwa kipofu, na jaji akasema upinde wa Niel angeutambua hata kati ya wapigaji mia. Wakubwa wa enzi hizo, wakiongozwa na Duke wa Atholl, walikuwa hawafungi shughuli bila yeye. Kaka mtu na mdogo mtu walikaa pamoja jukwaani, maana Donald Gow alikuwa akimkokotea ndugu yake besi kwa selo. Mshairi mkubwa wa Uskoti, Robert Burns, alimtembelea mwaka 1787. Mchoraji Henry Raeburn alimchora amekaa na fidla yake, kavaa suruali fupi na soksi ndefu za mirabamiraba, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

Mwaka 1805 alifiwa na mke wake wa pili, Margaret Urquhart, waliyeishi naye zaidi ya miaka 30. Mzee akakaa na fidla yake akatunga maombolezo yasiyo na neno hata moja. Mpaka leo mpiga fidla wa Uskoti ambaye hajui maombolezo hayo ya mke wa pili wa Niel Gow ni kama mpiga taarab asiyemjua Siti binti Saad.

Lakini wapenzi hawa hawaogopi kumsema mzee, na hapo ndipo nilipowapenda. Tatizo ni kwamba familia ya Gow, hasa mwanawe Nathaniel, walikuwa wachapaji wakubwa wa vitabu vya muziki, na ndani ya vitabu hivyo zimo nyimbo za watu wengine zilizobadilishwa majina. Mmoja wa waliolalamika ni William Marshall, aliyezaliwa 1748. Huyu alikuwa mtumishi nyumbani kwa Duke wa Gordon, akapanda cheo mpaka msimamizi, na pembeni alikuwa fundi wa saa. Usiku anatunga nyimbo, kesho anazikuta zina jina jipya mjini Edinburgh! Haki miliki ilikuwa bado ndoto. Kwa hiyo unakuta kambi moja inasema Gow ndiye baba, nyingine inasema baba ni Marshall na Gow alikuwa na duka tu. Mimi nasimama na Marshall, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nami nimewahi kuandika kitu nikakikuta kina jina la mwingine.

Hapa inabidi nipitishe kitu kimoja cha kiufundi, vumilia. Fidla ya Uskoti ilikuwa chombo cha kuchezesha watu. Kuna mapigo ya aina nyingi, lakini wawili wenye nyumba ni rili na strathspey. Rili ni ya mbio, miguu haigusi chini. Strathspey, iliyopewa jina la bonde la mto Spey, ni ya mwendo wa kujidai: noti fupi inachomwa ghafla, halafu ndefu inafuata, kama mtu anayejikwaa kwa makusudi ili watu wamtazame. Hicho kijikwao ndicho sahihi ya Waskoti. Ukikilainisha, wenyewe wanasema umeua.

Na aliyeshitakiwa kwa kulainisha, ingawa wengine wanamwita mkombozi, ni James Scott Skinner. Huyu ni staa kweli kweli, angezaliwa zama zetu angekuwa kila ukurasa wa mbele. Alizaliwa Banchory mwaka 1843, akiwa mtoto akaingizwa kwenye okestra ya wavulana iliyokuwa na makao Manchester, na mwaka 1858 wakapiga mbele ya Malkia Victoria. Huko akajua kusoma noti na kushika upinde kwa namna ya wasomi wa Ulaya. Akarudi kwao akiwa mwalimu wa dansi na mpiga fidla, akajiita Mfalme wa Strathspey, na hakuna aliyethubutu kumvua taji. Alitunga nyimbo zaidi ya 600. Alikuwa miongoni mwa Waskoti wa kwanza kurekodiwa, kuanzia 1899, kwa hiyo wajukuu bado wanamsikia akikwaruza.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 82, babu huyu alipanda meli mpaka Marekani kwenye mashindano ya wapiga fidla huko Lewiston, jimbo la Maine. Akapanda jukwaani, mpiga piano aliyewekewa akashindwa kwenda naye. Mzee akasimama, akashuka, akaondoka zake. Mwaka uliofuata akafariki. Jamani, safari yote ile ya baharini!

Wanaomtetea wanasema Skinner aliinua fidla kutoka vumbini akaipeleka kumbi za heshima. Wanaompinga wanasema ndiyo, aliinua, lakini alipoinua watu wakaacha kucheza wakaanza kukaa kwenye viti na kupiga makofi. Na fidla isiyochezewa, wanasema, ni maiti iliyopigwa pasi.

Wanaopiga kelele zaidi upande huu wala hawako Uskoti. Wako Kanada, kisiwa cha Cape Breton, jimbo la Nova Scotia. Kati ya mwisho wa karne ya 18 na katikati ya karne ya 19 maelfu ya Waskoti wa milimani waliondoka kwao, wengine kwa kutafuta maisha, wengine wakisukumwa na wenye ardhi waliotaka malisho ya kondoo. Walibeba lugha, dini na fidla. Kule walikofika hakukuwa na Skinner wala kumbi za heshima, kulikuwa na jiko, baridi, na watu wa kucheza nao. Ndiyo maana wao wanajigamba: sisi ndio tumetunza, nyinyi mlioko nyumbani mmepoteza.

Shujaa wao ni Buddy MacMaster, aliyezaliwa 1924 na kufariki 2014. Kazi yake ilikuwa afisa wa stesheni ya reli. Mchana treni, usiku fidla, na watu wakicheza mpaka sakafu inalia. Mpwa wake, Natalie MacMaster, alizaliwa 1972 na amekuwa staa wa dunia, yeye anapiga fidla huku miguu inacheza, kwa wakati mmoja. Jaribu wewe kupiga pasi huku unacheza uone.

Lakini hata hao wenye majigambo walipata mshtuko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 televisheni ya taifa ya Kanada ilionyesha filamu ya ukweli iliyosema wapiga fidla wa Cape Breton wanatoweka, waliobaki ni wazee. Watu wakachukia kweli. Mnaambiwa mmekufa nanyi mko mezani mnakula! Basi mwaka 1973 wakaitana kijiji cha Glendale, wakajitokeza wapiga fidla zaidi ya 100 kwenye jukwaa moja, na madarasa ya watoto yakaanza. Kilichofuata ndicho kinachowaudhi watu wa Uskoti mpaka leo: Alasdair Fraser, yule wa filamu, akawa anawaita walimu wa Cape Breton, Buddy mwenyewe akiwemo, kuja kisiwa cha Skye kuwafundisha Waskoti mapigo ya babu zao Waskoti. Yaani mjukuu wa aliyehama anarudi kumfundisha aliyebaki. Kuna walioona ni baraka, kuna walioona ni matusi.

Skye kwenyewe pana kidonda chake. Mwanzoni mwa karne ya 19 mpiga fidla mmoja kipofu wa kisiwa hicho, Donald Munro, aliokoka akawa mhubiri. Inasimuliwa kwamba watu waliambiwa walete fidla na zumari zao za mfuko, zikakusanywa na kuchomwa moto. Wapenzi wakifika hapo kwenye mazungumzo sauti hushuka. Nani anajua kilichoungua?

Ila kama unaniuliza mimi, hadithi iliyonikamata kuliko zote iko kaskazini kabisa, visiwa vya Shetland. Huko ni mbali kiasi kwamba mpaka karne ya 15 vilikuwa chini ya taji la Denmark na Norwe, na fidla yao bado ina harufu ya Norwe. Hata Waskoti wengine wanawaona watu wa Shetland kama watu wa pembeni.

Huko alizaliwa Tom Anderson mwaka 1910. Kazi yake ilikuwa kuuza bima. Wakala wa bima anapita nyumba hadi nyumba, si unajua, na yeye kila anapopita anasikiliza wazee, anaandika mapigo yao, baadaye anayarekodi. Kila mzee alikuwa na mapigo ambayo hayapo popote zaidi ya vidole vyake. Mwaka 1969 alikuwa eneo la Eshaness alikozaliwa, usiku, akatazama nyuma. Alipokuwa mtoto kila dirisha lilikuwa na taa. Sasa nyumba nyingi zilikuwa giza, watu wamehama au wamekufa. Akatunga pigo la taratibu sana, "Da Slockit Light", yaani taa iliyozimwa. Ukilisikia, hata kama huijui Shetland utamkumbuka mtu.

Lakini mzee hakukaa kulia. Alipigania fidla ifundishwe shuleni, na miaka ya 1970 akaingia darasani mwenyewe kufundisha watoto. Alipofariki mwaka 1991 visiwa vile vidogo vilikuwa vimejaa vijana wanaopiga. Mwanafunzi wake Aly Bain, mzaliwa wa Lerwick mwaka 1946, alitoka akaenda bara, akajiunga na bendi ya Boys of the Lough, na akaja kuwa fidla inayojulikana kuliko zote za Uskoti.

Sasa cheka kidogo. Wale wanaotaka usafi wa asili wakiishiwa hoja husema, basi Shetland ndiko kulikobaki safi. Haya, sikiliza gitaa linaloisindikiza fidla ya Shetland. Aliyeweka mtindo ule ni Peerie Willie Johnson, na peerie kwa lugha yao ni "mdogo". Alizaliwa 1920, na mikono yake aliifundisha kwa kusikiliza jazi ya Marekani kwenye redio. Jazi! Huo ndio usafi wenyewe. Upande huu nimeshachagua kambi na sihami.

Ukitaka kuuona ubishi wenyewe kwa macho, wajuzi wanakuelekeza Sandy Bell's, baa ndogo kwenye barabara ya Forrest, Edinburgh. Hakuna jukwaa. Watu wanakuja na vyombo, wanakaa kuzunguka meza na bia zao, mmoja anaanza, wengine wanadaka. Pigo linarudiwa mara mbili au tatu, halafu linageuzwa kuwa jingine bila tangazo, na wewe usiyejua unajikuta umebaki na upinde hewani. Ni vijiwe vya aina hii vilivyozalisha zile bendi za miaka ya 1970. Silly Wizard walitoka Edinburgh hapo hapo, wakiwa na ndugu wawili Cunningham: Johnny kwenye fidla, na Phil kwenye kodian. Walikuwa wanapiga kwa kasi mpaka unatafuta pumzi. Johnny alifariki 2003 akiwa na miaka 46 tu, na mabishano ya nani alikuwa na mkono mwepesi kati yake na Aly Bain hayajaisha. Battlefield Band wa Glasgow walichanganya zumari za mfuko na kinanda cha umeme, wazee wakashika vichwa. Tannahill Weavers wa Paisley walipitiwa na Dougie MacLean akiwa kijana, yule yule wa "The Gael". Na Capercaillie wa Oban mwaka 1992 waliingiza wimbo wa Kigaeli kwenye 40 bora za Uingereza. Wimbo wa kazi za akina mama, wenye umri wa karne, umesimama foleni moja na pop. Wengine walisema wameuza. Mimi nasema kama ni kuuza, basi wameuza vizuri.

Lakini aliyewagawa watu vipande ni Martyn Bennett. Alizaliwa 1971, mama yake ni msomi wa mila na nyimbo za kale, na yeye alisomea fidla chuoni Glasgow. Kisha akaichukua fidla na zumari akaviingiza kwenye midundo ya disko. Albamu ya Bothy Culture ya mwaka 1997 iliwafanya vijana waruke kwenye kumbi za usiku, na wazee waulize mtoto huyu amelogwa na nani. Mwishoni mwa mwaka 2000 akaambiwa ana saratani. Matibabu yalimmaliza nguvu mpaka hawezi kupiga, na siku moja kwa hasira akavunja vyombo vyake vyote. Fidla, zumari, vyote.

Akabaki na kompyuta na sauti za marehemu. Akachukua sauti za kale za waimbaji wa Uskoti, wengi wao wa zile koo za kuhamahama zilizodharauliwa miaka yote, akazijengea midundo mizito kama radi. Ndiyo albamu ya Grit, mwaka 2003. Januari 2005 akafariki, ana miaka 33. Mwaka 2015 tamasha la Celtic Connections la Glasgow, lililoanza 1994, lilifunguliwa kwa kazi hiyo hiyo ya Grit ikipigwa na okestra kubwa ya watu hai, fidla tele. Baadhi ya waliosema ameua muziki wa jadi sasa humtaja kama sehemu ya jadi. Watu bwana!

Nilirudi kibandani na habari zangu zote. Yule mtafsiri akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mdogo wangu, nimekuelewa. Lakini mteja ametoa hela yake aone Wahindi Wekundu, mimi nimwambie Waskoti?" Wiki iliyofuata ilipowekwa tena akasema vile vile.

Yule dada nilimkuta dukani. Nikamweleza kwamba alipatia, nikamweleza Shetland, nikamweleza yule wakala wa bima. Nikamuuliza fidla ya babu iko wapi. Akasema ipo kwa mama yake, imening'inia ukutani, nyuzi mbili zimekatika, na aliyekuwa anajua mapigo ya babu ni mjomba mmoja wa Malindi, Unguja, naye siku hizi mikono inatetemeka.

"Ana miaka mingapi huyo mjomba?" nikauliza.

"Themanini na kitu."

Skinner alipanda meli na miaka 82, nikamwambia. Dada akasema boti ya kwenda Unguja inaondoka saa moja asubuhi, na nyuzi kaka ndiye atakayenunua.